Alama Mbili Kabla ya Jina

Ntobeye, Ngara
16 Desemba 2024

Mwalimu Kwandu,

Shikamoo. Natumaini wewe na Mzee Malongo hamjambo, na ng'ombe wenu pia. Sisi tupo.

Juzi uliponipigia simu nilijibu "ndiyo" kwa kila ulichosema, na ulipokata nilikuwa sijaelewa hata nusu. Naomba unisamehe. Ninaandika vizuri kuliko ninavyosema. Ukikubali, tuandikiane. Flashi itakuja kwako hata hivyo, na bahasha ni hiyo hiyo moja. Anastazi wa bodaboda ameahidi kuifikisha Benaco na kumpa konda wa basi linalopita Nyakahura.

Kazi aliyoiacha mama ninaielewa hivi. Yeye alikuwa anapita kwa mabibi na mababu wa huku Ntobeye, ananasa hadithi zao kwa Kihangaza, kisha anaziandika kwenye kompyuta ya kikundi. Ninyi huko mnafanya hivyo kwa Kisubi na Kisukuma. Zote zinaingia kwenye hazina moja, na programu inayoitunza hazina hiyo inaitwa Git. Kila wiki wa Ntobeye anamtumia wa Nyakahura orodha ya mafaili mapya, ili ijulikane nini kimeongezeka na nani amekileta. Sasa wa Ntobeye ni mimi.

Kompyuta ipo palepale mezani chumbani kwa mama. Shangazi Zita alitaka kuifunika kwa kitambaa, baba akakataa. Leo nimefungua lile dirisha jeusi, nikaandika amri uliyonitajia, git status -s, nikapata hiki:

?? ngano/

Basi. Ni kitu kimoja. Mimi nilijua nimechapa hadithi kumi na moja kutoka kwenye daftari la mama, hizo za wanyama. Sijui kumi zimekwenda wapi. Sijafuta chochote.

Nina swali jingine, na si la kazi. Mwaka huu ulikuwa na mama mara nyingi. Je, aliacha neno lolote kwa ajili yangu? Baba anasema hakuacha. Shangazi Zita anasema mgonjwa wa namna ile mwishoni hasemi. Nimeshauliza kila mtu mara moja na sitaki kurudia.

Ni mimi,
Auleria


Nyakahura, Biharamulo
20 Desemba 2024

Mwanangu Auleria,

Marahaba. Bahasha imefika ikiwa imekaliwa na mtu mnene, lakini flashi ni nzima.

Tuandikiane, mwanangu. Mimi mwenyewe simu sizipendi. Malongo akinisikia nazungumza na simu kuhusu mafaili husema, "Huyo ng'ombe wako wa plastiki atatoa maziwa lini?" Afadhali barua, haisikiki.

Hadithi zako kumi hazijapotea. Ngoja nikueleze kama mfugaji, maana ninyi Wahangaza mnajua migomba tu. Ng'ombe wanaporudi zizini jioni, Malongo hawahesabu. Anasimama mlangoni, anawatazama wakipita, na macho yake yanamkamata yule mmoja asiyemjua. Mgeni. Pengine ni wa jirani, pengine amezaliwa porini mchana huohuo. Amri ile inafanya kazi hiyo hiyo. Hizo alama mbili za kuuliza kabla ya jina maana yake ni: huyu namwona, yumo zizini, lakini sijaambiwa ni wetu. Ukimwambia git add, anakuwa wetu.

Sasa, wageni wakija kundi zima ndani ya folda mpya, Git ni mvivu. Hawataji mmoja mmoja, anataja folda peke yake. Ongeza neno hili mwishoni: git status -s -uall. Utawaona wote kumi na mmoja. Na ujue pia kwamba folda tupu haitajwi kabisa. Zizi lisilo na ng'ombe, kwa Git, si zizi.

Mama yako alifanya kosa hilo hilo wiki yake ya kwanza. Alinipigia simu kutoka juu ya kilima, anahema, ananiambia, "Mwalimu, nimeua hadithi za watu."

Hilo jingine uliloniuliza, tutazungumza siku utakapokuja. Kula vizuri. Msalimie baba.

Kwandu


Ntobeye, Ngara
28 Desemba 2024

Mwalimu Kwandu,

Shikamoo. Nimeongeza -uall na wametokea wote kumi na mmoja, kila mmoja na alama zake mbili. Nimewaongeza. Orodha nimeinakili kwa kalamu kwenye karatasi ya pili.

Krismasi tulikwenda kanisani, tukarudi. Shangazi Zita alipika ndizi na nyama. Watu walikuja kutusalimu, nikawapa maji ya kunawa. Mama mmoja alilia aliponiona, nikasimama na jagi mpaka alipomaliza.

Mimi sijalia bado. Shangazi anasema nina moyo wa jiwe, halafu anasema samahani. Hata mimi sijui ni kwa nini. Nilimaliza mtihani wa mwisho tarehe 29 Novemba, nikafika nyumbani tarehe 30, nikaona udongo umekwisha kukauka na maua yamenyauka. Watu wote walikuwa wamemaliza. Matanga yalikuwa yameshaanuliwa. Ni kama kufika sokoni watu wanafagia.

Nitakueleza jambo ambalo sijamwambia mtu. Jumapili ya tarehe 17 baba alikuja shuleni kunitembelea. Mama alikuwa amezikwa tarehe 13. Aliniletea sabuni mbili, biskuti na kalamu. Alikuwa amevaa kofia. Baba havai kofia, Mwalimu, hata shambani. Jua lilikuwa kali, anatoka jasho, na hakuivua. Niliona kwamba pembeni, karibu na sikio, amenyolewa. Nikamwuliza mama anaendeleaje. Akasema, "Anakusalimia. Amesema usome."

Nikarudi bwenini, nikasoma Jiografia.

Nilikuwa nimeona kichwa kilichonyolewa, na najua kinanyolewa kwa sababu gani. Sikuuliza. Labda na mimi nilikuwa mmoja wa hao walionificha.

Baba bado anavaa ile kofia. Anakula nayo.

Wiki hii nitakwenda kwa bibi mmoja anayejua hadithi ya fisi na mtungi. Naogopa kidogo kwa sababu itabidi niseme maneno ya kuanzia.

Auleria


Nyakahura, Biharamulo
6 Januari 2025

Mwanangu Auleria,

Heri ya mwaka mpya. Nimeisoma barua yako mara mbili, nikaiweka, nikaenda kukamua, nikarudi nikaisoma tena. Kuhusu ile kofia nakuambia hili tu. Baba yako ni mtu mwema.

Maneno ya kuanzia ni rahisi. Unataja tarehe, unataja mahali, unataja jina la msimuliaji, kisha unanyamaza na kumwachia mwenyewe.

Sasa kazi. Wenzetu wa kikundi walikutana jana. Kompyuta ya Ntobeye imekuwa nzito na ina virusi, kwa hiyo wameamua ifutwe yote na kuwekewa programu upya. Fundi Samweli atapita kwenu Ijumaa tarehe 17 kuichukua na kuipeleka Ngara mjini. Usiwe na wasiwasi, hazina yote ninayo huku, na itarudishwa kama ilivyo. Ila uelewe vizuri: kitakachorudi ni kile tu ulichokiongeza, ukakihifadhi, ukanitumia. Kilichobaki nje ya hazina kitafutika moja kwa moja. Kwa hiyo kabla ya siku hiyo andika amri yetu, na usimpe Samweli kompyuta mpaka orodha iwe tupu. Orodha tupu maana yake hakuna mgeni aliyesahaulika nje.

Naandika kwa haraka, konda anapiga honi. Malongo anakusalimia. Anasema siku ukija atakufundisha kunywa maziwa ya mgando, ili uache kutafuna ndizi kama tumbili.

Kwandu


Ntobeye, Ngara
14 Januari 2025

Mwalimu Kwandu,

Shikamoo.

Nilimaliza kila kitu jana. Hadithi ya fisi na mtungi nimeiongeza, na nyingine mbili. Flashi imo humu. Nikaandika git status -s -uall na haikutoka hata herufi moja. Nikakaa nikiitazama. Ulisema orodha tupu maana yake hakuna mgeni aliyesahaulika.

Leo asubuhi sikuwa na kazi. Maharage nimeshachambua, maji nimeshachota. Nikaandika git status -h, nione tu. Unatoka msaada mfupi kwa Kiingereza, na nilisoma mstari mmoja mmoja kwa sababu ndivyo ninavyosoma vitu siku hizi. Kuna mmoja unasema mtu anaweza kuomba kuonyeshwa na yale mafaili yaliyopuuzwa. Sikujua kama kuna mafaili yanapuuzwa. Nikaandika git status -s --ignored. Likatoka hili:

!! ya-auleria/

Si alama za kuuliza. Ni alama mbili za mshangao.

Nikaongeza -uall nione kilichomo ndani:

!! ya-auleria/01.mp3

Nikatafuta ni nani aliyeiambia Git inyamaze. Kuna faili linaloitwa .gitignore, na ndani yake kuna mstari mmoja tu wenye jina la folda hiyo. Git inaandika kila badiliko na aliyelifanya. Mstari huo uliwekwa na Gaudence, tarehe 14 Septemba, na maelezo yake ni neno moja: "isitajwe".

Gaudence ni mama.

Sijaifungua. Hedifoni zipo kwenye droo. Nimekaa tu hapa.

Mwalimu, wewe ndiye unayepokea mabadiliko yote ya Ntobeye na kuyasoma kabla ya kuyakubali. Mstari huu ulikupitia. Nilikuuliza mwezi uliopita kama mama aliacha neno, ukasema tutazungumza nikija.

Keshokutwa ni Alhamisi, na Samweli anakuja Ijumaa. Kama nisingesoma ule msaada, ningempa kompyuta, nikamwambia ipo tayari, orodha ni tupu.

Sijakasirika. Natafuta hasira na siioni. Nataka tu kujua ni watu wangapi walijua.

Auleria


Nyakahura, Biharamulo
14 Januari 2025

Auleria, mwanangu,

Barua hii naituma na mtu wangu mwenyewe, si konda, ikufikie kabla ya Ijumaa. Usimpe Samweli kompyuta. Akija mwambie mimi nimekataza, anipigie.

Kuna kitu ndani ya kompyuta hiyo ambacho hakimo kwenye orodha yoyote uliyonitumia, na huku kwangu hakipo. Kiko hapo kwenu tu. Nikaandika kwa mkono wangu mwenyewe kwamba ifutwe, na mpaka leo sikukumbuka kwamba hicho nacho kingefutika.

Sisi Wasukuma tuna desturi ya kuwekeana ng'ombe. Mtu ana ng'ombe, hataki ajulikane anaye, au anaogopa maradhi kwao, basi anamleta kwa rafiki wa mbali. Analala zizini kwako, anakula majani yako, lakini si wako, na humtaji yeye wala mwenyewe wake. Wageni wakiuliza una ng'ombe wangapi, huyo unamruka. Leo asubuhi alikuja mtu kutoka Shinyanga kumchukua wake, ametukalia miaka mitatu. Malongo alimtoa bila kuuliza, akamkabidhi kamba. Mimi nilikuwa nimesimama na ndoo. Ndipo nikakukumbuka.

Mama yako alikuja kwangu tarehe kumi Septemba. Alikuwa ameshaambiwa ule uvimbe si wa kupona. Aliniuliza kama kitu kinaweza kukaa ndani ya kompyuta bila kutajwa kwenye orodha, maana orodha inafika kwa watu wengi, na hakutaka mtu yeyote akisikilize kwa bahati mbaya. Nikamwonyesha. Ni mstari mmoja tu. Akauandika kwenye kiganja.

Akaniapisha nikuambie matokeo ya mtihani wako yakitoka, si kabla. Nikamwuliza, kwa nini usubiri mpaka hapo? Akasema, "Akifaulu, ataelewa. Akifeli, atanilaumu na ana haki. Nataka anisikie wakati huo anaponilaumu."

Uliponiuliza kama aliacha neno, nilikuwa nalo mkononi, nikakujibu kama mtu wa ofisini. Nilitimiza kiapo cha aliyekufa na kumwacha aliye hai mlangoni.

Na lingine ulijue, lisije likakufikia kwa njia nyingine. Siku ya mazishi nilikuwepo. Baadhi ya watu walisema mtoto aitwe, azike mama yake. Wazee wakauliza wengine tunasemaje. Mimi nilisema mitihani imebaki wiki mbili. Nilisema kwa sauti, na nilisikilizwa, kwa sababu mimi ni mwalimu.

Andika git status -s --ignored. Utaiona.

Kwandu


Ntobeye, Ngara
27 Januari 2025

Mwalimu Kwandu,

Shikamoo. Barua zetu zilipishana njiani. Mtu wako alifika Alhamisi na miguu ina vumbi mpaka magotini. Shangazi Zita akampa chakula. Konda naye atakuwa amekufikishia yangu, kwa hiyo unajua kwamba nilikuwa nimeshaiona.

Nilinakili folda ile kwenye flashi ya pili, nikaivaa shingoni kwa uzi, ndipo nikampa Samweli kompyuta. Akasema, "Dada, umefunga rozari ya umeme." Sikucheka, lakini nimeikumbuka mara kadhaa. Kompyuta ilirudi Jumatatu iliyofuata. Ni nyepesi kweli, na ile folda nimeirudisha mahali pake.

Matokeo yametoka. Nimepata daraja la pili. Nakuambia kwa sababu mama alisema usubiri hayo.

Nilisikiliza siku hiyo hiyo yalipotoka. Ni dakika nne na sekunde kumi. Anaanza kama anavyoanza zote: "Leo ni tarehe kumi na nne Septemba, hapa Ntobeye. Msimuliaji ni Gaudence." Kisha ananyamaza kidogo, kama ulivyonifundisha na mimi.

Anasema yeye ndiye aliyewaambia wasinijulishe. Anasema baba alikataa siku tatu, na ikabidi amwapishe mbele ya msalaba. Anasema, "Usimwulize baba yako. Mimi ndiye wa kuulizwa, nami sitakuwepo, basi vumilia." Halafu anaanza kusema kuhusu mbegu za maharage, zipi ziko kwenye chungu cha mdomo mpana na zipi zisiliwe. Katikati anasema, "Ah, kuku wameingia jikoni," na kiti kinasogea.

Kuanzia hapo hakuna mtu. Ni dakika moja na nusu. Unasikia mlango, unasikia "shii, shii" kwa mbali, sufuria inaanguka, anacheka peke yake. Kisha anarudi anahema, anakaa, anasema, "Nilikuwa nasema nini?" Basi, inakatika.

Ile dakika na nusu nimeisikiliza mara sita. Bado sijalia. Ila mara ya sita niliinuka kwenda kufukuza kuku, na jikoni hakukuwa na kuku.

Jana wakati wa chakula nilimwambia baba, "Nimemsikia mama. Najua alikuapisha." Shangazi Zita akaweka kijiko chini. Nikasema, "Baba, nywele zimeshaota." Akavua kofia, akaiweka kwenye goti. Zimeota zote, na nyingi ni nyeupe. Tukaendelea kula.

Kuhusu ulichosema mazishini: nilijua kwamba kuna mtu alisema, sikujua kama ni wewe. Sasa najua. Sina neno la kuweka hapo. Nikilipata nitakuandikia.

Nimefungua .gitignore na kuufuta ule mstari. Badiliko hilo nimelihifadhi, utaliona kwenye flashi. Maelezo yake nimeandika neno moja: "itajwe".

Lakini faili lenyewe sijaliongeza, na sitaliongeza. Si hadithi ya kikundi. Litakuwa linatokea kila wiki kwenye orodha yangu, mahali pale pale, na alama zake za kuuliza. Usiniandikie kwamba nimelisahau nje. Kama Samweli akiichukua tena kompyuta, flashi ninayo shingoni.

Orodha ya wiki hii, git status -s -uall, kabla sijaongeza kitu:

?? ngano/15-sungura-na-mpaka.txt
?? ngano/16-bibi-wa-mtama.txt
?? ya-auleria/01.mp3

Mbili za kwanza ninaziongeza sasa hivi.

Auleria, binti Gaudence